Kabla mama hajarudi: kumwandalia nyumba mzazi mwenye Parkinson aliyepasuliwa nyonga

Mama alianguka kwenye mlango wa uani. Sakafu ilikuwa kavu na hapakuwa na kitu cha kumkwaza. Alikuwa anatembea taratibu kutoka ukumbini, sinia ya mchele mkononi, anakwenda kuuchagua penye mwanga. Alipofika kizingitini miguu ikaganda, mwili ukaendelea kwenda mbele. Dada yangu alisikia sinia kwanza, ndipo akamsikia mama. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, imevunjika. Siku chache baadaye akapasuliwa na kuwekewa nyonga ya bandia.

Alipotoka chumba cha upasuaji salama, sisi watoto tulimshukuru Mungu tukaona kazi kubwa imekwisha. Aliyetuzindua ni mtaalamu wa fiziotherapia pale wodini, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Hakutuuliza habari za mguu. Alituuliza, "Nyumba yenu ikoje?" Tukaanza kueleza, akatukatiza na kutupa karatasi. "Choreni." Tukachora nyumba yetu ya Kiswahili kama zilivyo nyingine nyingi Tanga: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, halafu uani penye jiko na choo. Akachukua kalamu akaweka alama sehemu saba. "Hapa, hapa na hapa ataanguka tena," alisema. "Mgonjwa wenu ataruhusiwa baada ya siku tano. Siku hizo si za kupumzika, wanangu. Ni za kuijenga hii nyumba upya."

Makala hii inatokana na siku zile tano na miezi iliyofuata. Naiandika kwa sababu familia nyingi huingia kwenye jambo hili bila kuambiwa chochote, na kwa sababu nyumba ya mtu mwenye Parkinson haiandaliwi kama nyumba ya mgonjwa mwingine aliyepasuliwa nyonga.

Ugonjwa unaoiba mazoea

Ugonjwa huu umepewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza katika kitabu kidogo alichokichapisha mwaka 1817. Kiini chake ni kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwili. Dopamini ikipungua, mwili hukakamaa, mwendo unakuwa mzito, mkono hutetemeka ukiwa umetulia, na uwezo wa kujizuia usianguke hupotea kidogo kidogo.

Kinachopotea zaidi ni mwendo wa mazoea. Wewe na mimi tukitoka chumbani kwenda jikoni hatuifikirii miguu, inajipeleka yenyewe. Kwa mtu mwenye Parkinson kile kinachoipeleka miguu kimechoka, kwa hiyo kila hatua inataka kuamriwa. Akizungumza huku anatembea, au akibeba kitu, amri inakatika na miguu inanata sakafuni. Hali hiyo hutokea zaidi anapoanza kutembea, anapogeuka, anapopita pembamba, na hasa mlangoni. Hii ni moja ya sababu takribani watu 6 kati ya 10 wenye ugonjwa huu huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Mifupa yao nayo mara nyingi huwa imepungua uimara, hivyo nyonga huvunjika upesi.

Sasa mtu huyu anapasuliwa, kisha anapewa masharti ya kukumbuka: usikunje nyonga kupita kiasi, usipishanishe miguu, usigeuke ghafla juu ya mguu mmoja. Mgonjwa mwingine atayashika kwa wiki moja, yakawa mazoea. Mwenye Parkinson ana shida na hayohayo mazoea. Kwa hiyo msimtegemee ayakumbuke kila dakika. Ipangeni nyumba imkumbushe, na pale inapowezekana imzuie kabisa kukosea.

Wengi wanaishi na ugonjwa huu bila hata kuujua. Watafiti waliofanya uchunguzi katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008, walipata wagonjwa 33 katika eneo lenye watu wapatao 161,000, na zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa hawajawahi kuambiwa wana nini. Wazee wetu huambiwa ni uzee, ni baridi yabisi, au wamerogwa. Kama mzee wenu amevunjika nyonga na kwa muda mrefu amekuwa akitembea kwa hatua fupi za kuburuta, mkono mmoja haupepei na sauti imefifia, mwambieni daktari kabla hamjaondoka wodini.

Dawa na saa yake

Kitu cha kwanza tulichonunua hakikuwa kiti wala fimbo. Ni saa kubwa ya ukutani. Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa, ambayo hutolewa pamoja na kabidopa, na ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haikai sana mwilini: baada ya saa moja na nusu hivi, kiasi chake katika damu huwa kimeshuka kwa nusu. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake umekolea anaweza kutembea vizuri saa 4 asubuhi, na saa 7 mchana asiweze kunyanyuka kitini, kwa sababu tu kidonge kimechelewa.

Mama alipolazwa, dawa zilitolewa kwa ratiba ya wodi, asubuhi na jioni, wakati yeye humeza mara tano kwa siku. Siku ya pili baada ya upasuaji alikuwa kama gogo, hawezi hata kugeuka, na tukadhani upasuaji umemharibu. Tulipowaonyesha wauguzi karatasi yenye saa zake, wakazifuata. Kwa hiyo andikeni saa hizo kwa herufi kubwa na mwende nazo hospitali. Nyumbani tukazibandika ukutani chini ya saa na kuweka kengele kwenye simu tatu: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mazoezi, kuoga na kutembea tuliviweka katika muda ambao dawa imeshika. Dawa hii haisimamishwi ghafla hata siku moja, maana mgonjwa anaweza kukakamaa, kupandwa na homa na kuchanganyikiwa kiasi cha kuhatarisha maisha.

Angalieni na chakula. Nyama, samaki, maharage na maziwa vina protini, na protini hugombania njia ileile ambayo levodopa hupitia kuingia mwilini. Mgonjwa anazihitaji sana ili kidonda kipone, kwa hiyo msimnyime. Mpeni dawa kama nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya kula. Baada ya upasuaji wengi hupewa vidonge vya kuongeza damu, navyo vina madini ya chuma ambayo huikamata levodopa tumboni isiingie mwilini. Vitenganisheni kwa saa mbili au zaidi. Kama mzazi wenu anataka kufunga Ramadhani, mpango huo uzungumzwe na daktari mapema, sio usiku wa kuandama mwezi.

Zipo dawa za kuogopa. Metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, hutolewa sana kwa kichefuchefu, na haloperidoli hutolewa kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa. Zote mbili huizuia dopamini isifanye kazi na zinaweza kumfanya mwenye Parkinson azidiwe. Zipo nyingine za kutumia badala yake, kwa hiyo kila anayemwandikia mzazi wenu dawa ajue kwamba ana Parkinson. Na kuhusu upupu: ni kweli mbegu zake zina levodopa, na wanasayansi wanazichunguza. Lakini kiasi hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na kuzichanganya na vidonge bila daktari kujua ni kumzidishia mgonjwa dozi.

Ulizeni amepasuliwa vipi

Kuvunjika nyonga hakutibiwi kwa njia moja. Wengine hufungwa vyuma na skrubu, wengine hubadilishiwa kichwa cha paja peke yake, wengine nyonga nzima. Kabla ya kuondoka muulizeni daktari maswali matatu: amewekewa nini, anaruhusiwa kuukanyagia mguu kwa kiasi gani, na masharti yake ni ya muda gani. Aliyewekewa nyonga ya bandia kupitia upande wa nyuma mara nyingi huambiwa kwa wiki 6 hadi 12 asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu, na asigeuze mguu kuelekea ndani. Kwa lugha ya nyumbani: goti lisipande juu ya nyonga. Asichuchumae, asikae kwenye mkeka wala kigoda, asiiname kuokota kitu chini.

Swala alisali kitini. Mwanzoni mama alisikitika, akiona sijida imempita. Shangazi ndiye aliyemkumbusha kwamba dini imempa mgonjwa nafasi, na akamwekea kiti chake upande wa kibla.

Ukumbi

Alama tatu kati ya zile saba zilikuwa ukumbini, na ya kwanza hatukuitegemea: viatu. Katika nyumba yenye mgonjwa wageni hawakatiki, na kila mgeni huvua viatu mlangoni. Siku ya Ijumaa unaweza kuhesabu jozi kumi na tano pale anapopaswa kukanyaga mgonjwa. Tuliweka kichanja cha viatu nje barazani. Mazulia madogo na mikeka tukakunja yote, waya wa televisheni tukaupigilia ukutani, meza ndogo ikatoka. Njia iwe pana kiasi cha yeye na mtu wa kumsaidia kupita sambamba. Kuku wakafungiwa banda.

Halafu ikaja kazi iliyowashangaza majirani. Sakafu yetu ni ya saruji nyekundu iliyosuguliwa. Yule mama wa fiziotherapia alituagiza tununue utepe wa gundi wa rangi ya njano na tubandike mistari kukatiza njia, kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa uani, kwa nafasi ya hatua yake. Kwa mama ilikuwa sentimita 40. Si pambo. Ubongo ulioshindwa kuiendesha miguu kwa mazoea unaweza kuiendesha kwa macho: mgonjwa akiona mstari wa kuvuka, anatumia njia nyingine ya ubongo ambayo haijaharibika sana. Sauti inafanya kazi hiyohiyo. Kuhesabu "moja, mbili", au kuimba kaswida yenye mahadhi ya kutembelea, huifungulia miguu njia. Niliona kwa macho yangu. Mama, aliyekuwa amesimama kama kisiki penye mlango, alitazama mstari wa njano, akanyanyua mguu, akauvuka.

Kutoka ukumbini kushuka uani palikuwa na kizingiti na ngazi ya sentimita 10. Fundi alikivunja kizingiti akamwaga zege la mteremko. Kipimo kinachotumika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo mteremko wetu una sentimita 120. Uso wake aliuacha na mikwaruzo usiteleze mvua ikinyesha, na kando akasimamisha bomba la chuma la kushikia.

Kuhusu fremu ya kutembelea, msinunue kabla ya kuuliza. Ile ya kunyanyua na kutua inamdai mgonjwa afanye mambo matatu kwa zamu, nyanyua, tua, kanyaga, na kwa mwenye Parkinson zamu hizo ndizo zinazogandisha miguu. Wengi hutembea vizuri zaidi na yenye magurudumu mbele, baada ya mtaalamu kuwapima urefu.

Kiti na kitanda

Hapa maradhi mawili yanagombana waziwazi. Mwenye Parkinson hufundishwa kwamba akitaka kusimama, aipeleke pua mbele ya vidole vya miguu. Aliyewekewa nyonga ya bandia anaambiwa asiiname mbele. Afanye lipi? Jibu liko kwenye kiti. Kiti kikiwa kirefu, hana haja ya kuinama sana. Pimeni kutoka nyuma ya goti lake hadi sakafuni. Kiti kizidi kipimo hicho kidogo, ili nyonga ikae juu kuliko goti. Kiwe cha mbao, kizito, chenye mikono miwili ya kusukumia. Kiti cha plastiki kinatanua miguu na kuteleza, na sofa inamzamisha. Akitaka kusimama asogee hadi ukingoni, autangulize mbele mguu uliopasuliwa, ashike mikono ya kiti na kujisukuma. Asivutwe mikono wala asinyanyuliwe kwa kwapa.

Kitanda vilevile. Seremala alituchongea vipande vinne vya mbao, kila kimoja na shimo katikati, miguu ya kitanda ikazama humo isiteleze. Godoro lililobonyea likabadilishwa. Kugeuka kitandani ni shida kubwa kwa mwenye Parkinson, kwa hiyo tulitandika kipande cha satini sehemu ya kiuno, mwili uteleze kirahisi, na shuka la pamba miguuni ili apate pa kukanyagia. Katikati ya miguu aliwekewa mto, isipishane usingizini.

Akiamka asisimame papo hapo. Parkinson na dawa zake hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama. Akae ukingoni dakika mbili, achezeshe miguu, anywe maji, ndipo ainuke.

Choo

Choo cha kuchuchumaa kwa mgonjwa huyu hakifai kabisa, na familia nyingi hugundua hilo siku ile ya kwanza mgonjwa akiwa amebanwa. Kama hamna uwezo wa kuweka choo cha kukalia, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kiti cha vyuma chenye tundu na mikono miwili, kikawekwa juu ya shimo lilelile. Kiwe na kimo sawa na kile kiti cha mbao, na miguu yake iwe na mipira. Bomba la kushikia lichimbiwe ukutani kwa zege. Kulabu ya kuning'iniza taulo haiwezi kubeba mtu. Ndoo na kopo viwekwe juu ya meza ndogo upande wa mkono wenye nguvu, asiiname kuchota. Aoge akiwa amekaa. Kandambili zikatupwa, tukamnunulia viatu vyepesi vinavyoshika kisigino.

Usiku ndio hatari kuliko mchana, maana mwenye Parkinson huamka mara nyingi kukojoa. Tuliweka ndoo ya kiti chumbani kwake, taa ya kuchaji inayowaka yenyewe umeme ukikatika, na kengele ndogo ya mkononi, kwa kuwa sauti yake ni ndogo haifiki chumba cha pili. Mpeni maji ya kutosha mchana, papai na mboga za majani. Ugonjwa wenyewe unafunga choo, na dawa nyingi kali za maumivu zinazidisha.

Akiganda, akianguka

Akiganda, msimvute wala msimwambie "haraka". Kila anayepita alikuwa na lake: "Mama, tembea!" "Bibi, nyanyua mguu!" Kelele hizo zilimzidishia. Tukakubaliana maneno ni manne: simama, nyooka, yumba, kanyaga. Anasimama kabisa, ananyoosha mgongo, anahamisha uzito kulia na kushoto, halafu anakanyaga. Akitaka kugeuka azunguke kwa upana kama gari, asijizungushe juu ya mguu mmoja. Hilo linainusuru nyonga pia. Na anapotembea asizungumzishwe.

Akianguka, msikimbilie kumnyanyua. Mwangalieni kwanza. Maumivu makali ya kinena, mguu uliofupika au uliopinda upande ni dalili kwamba nyonga imechomoka au mfupa umevunjika, na hapo asisogezwe hadi apatikane usafiri wa kumlaza. Mpelekeni hospitali vilevile mkiona kidonda kinatoa usaha au kimekuwa chekundu, homa, shavu la mguu limevimba na linauma, au ghafla anakosa pumzi. Hizo mbili za mwisho zinaweza kuwa damu iliyoganda. Akianza kuchanganyikiwa na kuona watu wasiokuwepo, msikimbilie kusema ni mashetani. Baada ya upasuaji mara nyingi chanzo ni maambukizi, upungufu wa maji, kufunga choo, maumivu au dawa, na hospitali wanaweza kukitafuta na kukitibu. Akikohoa anapokula au kunywa, mkalisheni wima, apewe kidogokidogo, na daktari aambiwe, kwa kuwa chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia.

Na anayemuuguza naye ni mtu. Dada yangu alilala sakafuni chumbani kwa mama wiki tatu mfululizo, mpaka siku moja akasinzia akiwa amemshika mkono njiani kwenda chooni. Hawakuanguka, lakini siku hiyohiyo tulipanga zamu, nasi tunaoishi Dar es Salaam tukaingia ndani yake. Anayeshindwa kuja na achangie mshahara wa msaidizi. Kupiga simu kuuliza hali hakumnyanyui mama kitandani.

Wiki ya tisa nilikuwepo. Baada ya dawa ya saa 4 mama alitoka chumbani na fremu yake, akaifuata mistari ya njano mmoja baada ya mwingine. Kwenye mlango wa uani akasimama. Nilitaka kumshika, dada akanizuia kwa mkono. Mama akanyooka, akayumba kidogo, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "moja, mbili," akavuka. Alipofika kwenye kiti chake cha mbao chini ya kivuli, akakigusa kwa nyuma ya miguu yote miwili kama alivyofundishwa, akakaa. Kisha akamtazama dada. "Lete ile sinia," alisema. "Mchele huo mnaupika na mawe." Dada akamwekea mapajani.